Akiba ya Noeli



Mwezi wa Desemba umefika tena. Mawingu yameshuka juu ya milima ya Uluguru, njia ya kutoka Bigwa kupita Kiroka hata kwetu Mkuyuni ina matope, maembe yanaanguka usiku juu ya mabati, na jioni twawasikia watoto wakijifunza nyimbo kanisani. Kila mwaka mwezi huu twawakumbusha wazazi habari za maungamo, na usafi wa nyumba, na kutokopa fedha kwa ajili ya sherehe. Hayo mmekwisha kuyasikia. Mwaka huu twataka kuwauliza jambo jingine. Je, watoto wenu wanazijua Noeli zilizopita za nyumba yenu? Wanajua ipi ilikuwa ya furaha, na ipi ilikuwa ya machozi?

Twauliza kwa sababu wengi wetu tuna desturi ya kusimulia zile nzuri tu, tena kwa kuhesabu kuku waliochinjwa. Zile za msiba twazifunika, maana twadhani kuzitaja ni kuiharibu siku kuu. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata tulipofundishwa vingine. Basi sikilizeni habari za Noeli tatu za nyumba yetu.

Ya kwanza hatukuiona kwa macho. Tuliipokea kwa bibi, mzaa mama yetu, naye aliipokea kwa mama yake, aliyekuwa binti mdogo wakati ule. Ni Noeli ya mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 26 Agosti mwaka ule majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yaliingia mji wa Morogoro. Wajerumani na askari wao walikuwa wamekwisha kuondoka, wakarudi kusini wakiizunguka milima yetu pande zote mbili. Ilipofika Desemba majeshi hayo yalikuwa yakitazamana penye mto Mgeta, na mapigano makubwa yakaanza tena siku ya kwanza ya Januari 1917. Chakula na risasi za Waingereza zilishushwa katika stesheni ya reli ya Mikese, kisha zikachukuliwa kuelekea Tulo na Duthumi. Magari yalikwama katika matope, wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo, vikabaki vichwa vya watu. Wanaume wa nchi hii walitwaliwa kuwa wapagazi. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, na waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Baba wa yule binti alikuwa mmoja wa waliotwaliwa. Jamaa hii ilikuwa imebatizwa Matombo, ambako misheni ilikuwako tangu mwaka 1897, basi siku ya Noeli waliijua. Lakini mama alikuwa na mkungu mmoja wa ndizi tu. Nyama hapana, mchele hapana, wala chumvi ya kutia chunguni. Akazichemsha ndizi zile, akawagawia watoto, akawaambia ya kwamba Bwana naye alizaliwa pasipo kitu, basi na wale. Wakala. Baba yao hakurudi, wala hawakupata kujua alizikwa wapi.

Bibi hakuiacha habari hii ipotee. Kila Noeli, kabla ya pilau kupakuliwa, alimpa kila mtoto kipande kimoja cha ndizi iliyochemshwa bila chumvi. Sisi watoto tulikunja nyuso. Yeye alingoja hata wa mwisho ameze, ndipo aliposema, "Haya, leteni sahani." Hakuhubiri zaidi ya hapo.

Noeli ya pili ni ya mwaka 1986, tulipokuwa na umri wa miaka saba. Watu wazima wanaikumbuka miaka ile. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi yetu ilipungukiwa sana. Sabuni, sukari na nguo zilikuwa vitu vya kupangia foleni tangu alfajiri. Mwaka ule wa 1986 bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani, lakini katika nyumba kama yetu fedha ilikuwa haijarudi. Baba yetu alikuwa kibarua mjini Morogoro. Akafika siku moja kabla ya Noeli, juu ya lori, amelowa mwili mzima, isipokuwa furushi alilolifunika kwa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kitambaa kimoja kirefu, cha rangi ya kijani, chenye madoa meupe.

Fundi cherehani wa sokoni alishona mchana kutwa na usiku kucha kwa mwanga wa kandili. Kitambaa kile kikawa mashati ya wavulana watatu, na magauni ya wasichana watatu, na blauzi ya mama. Kilichobaki kikawa pazia la mlango wa mbele. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi, alilia kwa uchungu, akisema ya kwamba akisimama karibu na mlango hakuna atakayemwona. Kanisani tulikaa mstari mmoja, na mzee mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti kama leo kuna gwaride. Kanisa lote likacheka, na baba yetu akacheka kuliko wote. Kuku tuliyemla siku ile hatumkumbuki. Kicheko cha baba twakikumbuka, kwa kuwa alikuwa mtu asiyecheka upesi.

Noeli ya tatu ni ya mwaka 2019, na tumesita miaka mingi kuiandika.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti mwaka ule, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakimbilia kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika, na wengi wao walikuwa vijana wa bodaboda. Wengine walikuwa wapita njia tu. Moto ukalipuka. Waliokufa, pamoja na wale waliofia hospitali siku za baadaye, walipita 100, na nchi nzima ikaomboleza siku tatu. Kati yao alikuwamo mpwa wetu, mwana wa dada yule yule wa gauni la kijani. Alikuwa na miaka 22.

Msomaji wa Uluguru hana haja ya kuelezwa mpwa ni nani. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto wa dada ndiye wa ukoo wetu, na mjomba ndiye mwenye kumsimamia. Sisi tulimsimamia kwa kumnunulia pikipiki. Tuliweka akiba ya machungwa ya misimu miwili, tukainunua, ili apate kazi mjini asizurure. Tangu siku ya maziko hatukuweza kumtazama dada yetu machoni.

Ilipofika Noeli dada yetu alituma neno ya kwamba hatapika wala hatatoka. Nasi, kwa kuwa ni katekista, tukaenda kwake baada ya Misa, tumejaa maneno tuliyoyaandaa juu ya matumaini. Tulimkuta ameketi jikoni, na mafigani hapakuwa na moto. Siku zote hutuita "mwalimu," kama watu wote wa kijiji. Siku ile akasema, "Mdogo wangu, yaache hayo. Kaa."

Tukakaa. Tukakaa muda mrefu pasipo neno. Mwisho tukamwambia lile tulilolificha miezi minne, ya kwamba fedha ya pikipiki ilitoka mkononi mwetu, na ya kwamba usiku hatulali.

Alikuwa akijua. Akajibu, "Wewe ulimpa kazi, mdogo wangu. Hukumpa moto."

Kisha akainua macho kwenye kichanja. Pale palikuwa na bakuli la bati lenye maua mekundu, mali ya jirani yake, mama wa Kiislamu. Kwa miaka mingi nyumba hizi mbili zilipelekeana chakula, mmoja siku ya Idi, mwingine siku ya Noeli. Mwaka ule Idi iliangukia siku chache tu baada ya moto ule. Jirani hakupika pilau. Alipika uji, akauleta katika bakuli hilo kwa mama aliyefiwa, akalala kwenye matanga pamoja na wanawake wengine. Bakuli likabaki. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na dada yetu hakuwa na moyo wa kupika kitu cha kutia ndani yake.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne nimekaa na bakuli la watu." Akainuka, akawasha moto.

Alianza kwa ndizi bila chumvi, kama bibi. Jirani alipoona moshi akaja, na watoto wakaja nyuma yake. Dada yetu akampa naye kipande. Yule mama akakunja uso kama tulivyokunja sisi zamani, akauliza kwa nini tunakula namna hii siku kuu. Dada yetu akamweleza habari za mwaka 1916, za mume aliyetwaliwa asirudi. Kutoka hapo akaingia katika habari za kitambaa cha kijani, na pazia, na mzee wa gwaride. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti. Kicheko kile kikageuka kilio, nasi sote tukalia pamoja naye, jirani na watoto na katekista mwenye maneno mengi. Jioni bakuli lilirudi kwa mwenyewe limejaa wali na kuku.

Ndugu wasomaji, siku ile ndipo tulipoelewa kazi aliyoifanya bibi. Mkulima haweki mbegu ghalani kwa kuwa ana njaa leo. Aiweka kwa sababu ya mwaka asioujua. Dada yetu alipotafuta nguvu ya kuinuka hakuipata katika maneno yetu. Aliipata katika Noeli mbili zilizokwisha pita, moja ya ndizi chungu na moja ya kitambaa. Ile ya msiba ilimfundisha kwamba nyumba yetu imepata kufiwa zamani, na Noeli haikukoma. Ile ya furaha ilimrudishia kicheko chake. Kama zingalisahauliwa, angalikuwa na bakuli tu.

Wala Kanisa halitufundishi kuficha machozi. Itazameni kalenda. Tarehe 25 twaimba kuzaliwa kwa Bwana. Kesho yake, tarehe 26, twamkumbuka Stefano aliyepigwa mawe. Tarehe 28 twawakumbuka Watoto Mashahidi, waliouawa na Herode kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekimbizwa Misri usiku. Akina mama wa Bethlehemu waliliwekewa kumbukumbu yao ndani ya Noeli yenyewe, wala si mbali nayo. Basi mwenye kulia siku hizi asidhani ametoka nje ya siku kuu.

Yafaa tuseme maneno machache ya kutenda.

Ninyi wazazi, usiku wa Noeli, watoto wakiisha kushiba na simu zikiwekwa kando, wasimulieni Noeli mbili za nyumba yenu, moja ya kila namna. Tajeni mwaka, tajeni waliokuwako, tajeni chakula. Msipambe. Mtoto hukumbuka pazia kuliko mawaidha.

Ninyi walimu, kabla ya kufunga shule waambieni wanafunzi wakawaulize bibi na babu zao Noeli waikumbukayo sana, kisha waandike. Wazee wengi hawajaulizwa, nao wanaondoka na ghala nzima.

Nanyi nyote, tazameni ni nyumba gani jirani imefiwa mwaka huu. Nendeni. Msitangulize maneno kama tulivyofanya sisi. Tangulizeni kukaa. Kama kuna lawama iliyofichwa kati yenu na mwenye nyumba, isemeni siku hiyo. Huenda ameijua siku nyingi, naye amekwisha kuwasamehe, anangoja tu mfike.

Tena tazameni juu ya vichanja vyenu kama kuna chombo cha mtu.

Twawatakia ninyi nyote, wenye kucheka na wenye kulia, Noeli takatifu. Mungu awabariki nyumbani mwenu.

Ni sisi, katekista wenu wa Mkuyuni.