Mbung'o wetu, leza yao

Jamani, nimechoka na hii kauli kwamba sayansi ya leza za eksirei "ni mambo ya wazungu", na kwamba kazi ya programa wa Kitale au Bungoma ni mifumo ya maduka na ya sacco, basi. Anayesema hivyo hajauliza ile leza ilipigwa kwa ajili ya nini.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha umbo la kathepsini B, kimeng'enya cha Trypanosoma brucei. Hicho ndicho kidudu cha malale. Malale, ndugu msomaji, ugonjwa wa mbung'o! Agosti 2025 WHO ilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma, na Bungoma ni mojawapo ya kaunti sita zilizohesabiwa kuwa na hatari. (Nagana ya ng'ombe bado ipo, muulize mfugaji.)

Kazi ilifanyika kwenye leza ya LCLS, California. Fuwele ndogo mno hupitishwa mbele yake, na kila moja hupigwa mpigo mmoja wa femtosekunde tu. Fuwele inalipuka, lakini picha imeshapatikana. Mipigo 120 kwa sekunde. Kupata umbo lile zilitumika picha zaidi ya 170,000.

Sasa niambieni, fuwele ikishalipuka kazi inabaki kwa nani? Kwetu! Kutupa picha tupu, kutafuta madoa, kukokotoa kila fuwele ilielekea wapi, kuziunganisha zote. CrystFEL, programu ya kazi hiyo, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Data za majaribio mengi ziko kwenye hazina ya CXIDB, bila malipo.

Mtasema umbo hilo halijaleta dawa. Kweli, halijaleta. Lakini lilionyesha pale kimeng'enya cha kidudu kinapotofautiana na cha binadamu, na dawa isiyomdhuru mgonjwa inaanzia hapo.

Mtasema pia data ni terabaiti na bando ni ghali. Nakubali, kwa modemu yangu hapa Kitale sithubutu. Lakini vyuo vikuu vina KENET, na Kibabii iko pale pale Bungoma. Kipande kidogo cha data kinatosha mradi wa mwaka wa nne. Badala yake, kila mwaka tunaletewa mfumo mwingine wa kuazima vitabu vya maktaba.