Ubao Mmoja, Michezo Mitatu



Wiki hii tunawageukia wapenzi wa drafti na sataranji. Tulipopita Ruaha, wilayani Kilosa, kando ya mashamba ya miwa, tulimkuta mzee amekaa barazani na ubao wa bao, hana wa kucheza naye. Alitwambia, “Wenzangu nimewazika. Wajukuu wanaijua simu tu.” Maneno hayo yametusukuma kuandika.

Ubao huo una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64 za komwe. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Tofauti na drafti, kete iliyoliwa haitolewi nje: mlaji huisambaza upande wake, na kesho yaweza kurudi kwa mwenyewe. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele ameshindwa.

Mgeni na aanze na bao la kujifunza. Kila shimo hutiwa kete mbili, na mchezo huanza papo hapo. Hata mtoto anayejua kuhesabu ataliweza.

Akishazoea, aingie bao lenyewe la Kiswahili. Hapa kila mmoja huanza na kete kumi tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo la mraba. Zilizobaki 22 hushikwa mkononi, zikaingizwa moja moja. Hatua hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi, huja mtaji. Kuilinda nyumba au kuivunja, kula au kutakata: hapo ndipo mzoefu wa sataranji atakapokuna kichwa.

Mchezo wa tatu umetoka kwa jirani zetu wa Uganda, nao ni Omweso. Mashimo ni yale yale na kete ni zile zile, lakini nyumba haina hadhi, na kila mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo katika safu zake. Hivyo anayenunua ubao mmoja amepata michezo mitatu. Asiye na uwezo na achimbe mashimo ardhini, aokote vijiwe.

Tunaweka masharti mawili. Pasiwekwe dau, hata la soda, kwani kamari ni haramu. Na adhana ikisikika, kete ziachwe zilipo, hazitakimbia.

Wazazi wenzetu, twalalamika kwamba watoto hawakai na wakubwa wao. Je, tumewapa sababu ya kukaa? Mbele ya ubao, babu na mjukuu hutazamana saa nzima, na mengi husemwa baina ya kete na kete. Mwenye mzee nyumbani na amwombe amfundishe leo, kabla ubao haujabaki pambo la ukutani.

Wabillahi tawfiq.