Ogani inapomshinda mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani

Wiki ya sita au ya saba ya muhula huwa wiki ya simu. Majaribio ya kwanza yamesahihishwa na matokeo yametoka. Kwa wanaosomea udaktari, famasia, ualimu wa sayansi au sayansi ya chakula, kozi inayoliza wengi ni kemia ogania, yaani kemia ya vitu vyenye kaboni. Wanafunzi wenyewe huiita ogani. Nyumbani mzazi anapokea simu na kusikia sauti ya chini: “Shikamoo mama. Mama, ogani imenishinda.”

Mzazi anashtuka. Huyu ndiye mtoto aliyepata daraja la kwanza kidato cha sita, na majirani walishaanza kumwita daktari. Maneno ya kwanza yanayomtoka mzazi huwa ya hofu. “Umeanza kutembea na kina nani huko?” “Hiyo simu ndiyo inayokumaliza.” “Unajua tuliuza nini ili ufike hapo?” Mtoto anajibu, “Samahani mama, nitajitahidi,” na mazungumzo yanaishia hapo. Kuanzia siku hiyo, matokeo mengine hayasemwi nyumbani.

Hasara huanzia hapo. Wapo wanaoanguka kwa sababu ya starehe, hilo halina ubishi. Lakini katika kozi hii wapo pia wengi walioanguka jaribio la kwanza baada ya kukesha na madesa. Wamesoma sana, ila kwa njia ile ile iliyowafikisha chuoni, na njia hiyo hapa haifiki mbali. Kumwambia mtoto wa namna hii aongeze bidii bila kubadili njia ni kumwongezea uchovu.

Kozi yenyewe ikoje?

Atomu ya kaboni ina mikono minne ya kushikana na atomu nyingine. Kaboni hushikana pia na kaboni wenzake na kufanya minyororo, matawi na pete. Ndiyo maana vitu vinavyotokana nayo ni mamilioni: sukari, mafuta ya alizeti, sabuni, plastiki ya ndoo, petroli, na sehemu kubwa ya dawa za hospitali.

Kujua majina ya vitu hivyo hakutoshi. Mwanafunzi anatakiwa aeleze kwa kuchora, hatua kwa hatua, namna kitu kimoja kinavyogeuka kuwa kingine. Anatumia mishale iliyopinda kuonyesha elektroni zinatoka wapi na kwenda wapi. Mshale huanzia palipo na elektroni na kuelekea penye upungufu. Akiugeuza mmoja tu, maelezo yake yameharibika, hata kama mwishoni ameandika jibu sahihi.

Tofauti ndogo katika kemia hii hubeba mambo makubwa. Ethanoli, ambayo ndiyo kilevi kilichomo kwenye bia na mbege, ina kaboni mbili. Methanoli ina kaboni moja tu. Kwa macho zote mbili ni maji meupe yasiyo na rangi. Lakini methanoli ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi fomiki, ambayo huharibu mishipa ya macho na inaweza kuua. Asidi hiyo ndiyo chungu aina ya maji moto humrushia mtu anayevamia kiota chao mwembeni. Wanaokunywa pombe bandia yenye methanoli hupofuka kwa sababu ya tofauti hiyo ya kaboni moja.

Mfano mwingine uko jikoni. Kisibiti na aina moja ya mnanaa vina harufu zisizofanana kabisa, lakini kemikali inayotawala harufu hizo ni moja, inaitwa kavoni. Atomu ni zile zile na zimeunganishwa kwa mfuatano ule ule. Tofauti ni kwamba kavoni ya kisibiti ni taswira ya kioo ya ile ya mnanaa, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Pua inazitofautisha mara moja. Mwanafunzi anayetazama mistari kwenye karatasi bila kuliona umbo kichwani hawezi kuzitofautisha.

Haya yote hufundishwa kwa kasi. Ukumbi unaweza kuwa na mamia ya wanafunzi. Mhadhiri anachora ubaoni au anapitisha slaidi, muda unakwisha, anaondoka. Muhula una wiki kama 15, na somo la wiki ya tano limesimama juu ya lile la wiki ya pili. Aliyeachwa mwanzoni ataendelea kuhudhuria, atanakili kila kitu, na bado hataelewa.

Kwa nini hata waliokuwa wa kwanza huanguka?

Sekondari, mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kufika mbali kwa kukariri. Maswali yana sura zinazojirudia, na anayepitia mitihani ya miaka iliyopita hukutana na mengi anayoyafahamu. Chuoni mhadhiri anaweza kuleta molekuli ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona, kisha akauliza: ukiichanganya na hii, nini kitatokea, na kwa nini?

Mchezo wa bao unalieleza hili vizuri. Hakuna anayeshinda bao kwa kukariri mchezo wa jana wa wazee wawili wa mtaani. Mchezaji anajua kete zinavyosambazwa na lini zinaliwa, halafu anausoma ubao ulio mbele yake. Kemia ogania nayo inaonekana kuwa na orodha isiyokwisha, lakini mabadiliko mengi yanayofundishwa huingia katika makundi manne: kuongeza, kuondoa, kubadilishana na kujipanga upya. Anayejua elektroni zinavyokwenda anazo kanuni za mchezo. Anayekariri ana michezo ya jana tu.

Aliyekuwa wa kwanza ana mzigo mwingine: hajazoea kuuliza. Miaka 13 ya shule, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa na wenzake. Sasa kwenye semina anakaa nyuma asionekane kwamba hajui. Na nyumbani, ambako sifa zake ndizo fahari ya ukoo, anaona aibu maradufu.

Mzazi asiyejua kemia atatambuaje?

Baba dereva wa lori na mama muuza vitenge hawahitaji kujua kemia ili kumsaidia mtoto. Wanahitaji kumwambia, “Hebu nifundishe ulichosoma wiki hii,” kisha wasikilize kama kuna “kwa sababu” ndani ya maelezo yake.

Kwa mfano, mama anaweza kuuliza mafuta yanageukaje kuwa sabuni. Mtoto mmoja atajibu, “Mafuta ukichanganya na soda kali unapata sabuni na gliserini, ndivyo ilivyoandikwa.” Mwingine atasema, “Mama, kwenye mafuta kuna kaboni ambayo oksijeni zimevuta elektroni zake, kwa hiyo ina upungufu. Soda kali inaleta chembe yenye elektroni za ziada, inaiendea ile kaboni, basi mafuta yanakatika. Mkia mrefu unaotoka ndio sabuni, na kinachobaki ni gliserini.”

Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini mwenye jibu la kwanza akipewa mafuta ya aina nyingine, au kitu kingine kabisa chenye kaboni ya namna hiyo, atakwama. Wa pili ataendelea, kwa sababu ameshika kanuni. Hata kama mama hakuelewa kila neno, ameisikia tofauti.

Mtoto akishindwa kueleza, asichekwe wala asilinganishwe na binamu yake. Pale alipokwama ndipo pa kupeleka kwa mhadhiri kesho asubuhi.

Mambo yanayosaidia

Kuchora kila siku. Saa moja kila siku kwa karatasi tupu na penseli inazidi kukesha siku moja kabla ya jaribio. Mwanafunzi afunike jibu, achore mishale mwenyewe, kisha afunue na kulinganisha. Kusoma jibu la mwingine na kutikisa kichwa humfanya adhani anajua. Daftari la mazoezi lenye makosa na masahihisho linafaa kuliko lile nadhifu la kunakili.

Kujenga maumbo kwa mikono. Donge la unga wa ngano au udongo na njiti za meno vinatosha. Methani, gesi yenye kaboni moja na hidrojeni nne, inachorwa kama msalaba kwenye karatasi. Kumbe umbo lake halisi limetanda pande zote, na nyuzi kati ya mikono yake ni 109.5. Mtoto aliyelishika umbo hilo mkononi haangaiki sana na habari za kulia na kushoto.

Kundi dogo. Watu watatu au wanne, kila mmoja aeleze swali lake kwa wenzake. Kundi la watu 12 huwa na mmoja anayefundisha na 11 wanaonakili.

Swali mahsusi kwa mhadhiri. Anayesema “sielewi ogani” ni vigumu kumsaidia. Anayeuliza “kwa nini mshale huu umeanzia hapa na si pale?” anaweza kusaidiwa kwa dakika tano.

Kulirudia jaribio aliloanguka. Wengi huikunja karatasi hiyo kwa aibu na kuitupa. Ifunguliwe, kila swali lifanywe upya bila kuangalia, na kila kosa lipewe jina: hili nilikuwa sijui, hili nilijua nikakosea, hili nilikariri.

Hesabu ya alama na fedha

Kabla ya kuogopa, mzazi aulize jaribio lilikuwa na uzito gani. Katika vyuo vingi kazi za muhula, yaani majaribio, maabara na mazoezi, huchangia kama alama 40, na mtihani wa mwisho 60. Jaribio lenye uzito wa 15 ambalo mtoto amepata 5 limempotezea alama 10. Zimebaki 85. Hesabu hiyo ikifanywa kwa sauti, mtoto na mzazi wote wanapumua.

Mzazi ajue pia lugha ya chuoni. Sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyeanguka kozi. Kukeri ni kuingia mwaka unaofuata huku unaidaiwa kozi ya nyuma. Kudisko ni kuachishwa masomo. Kila chuo kina kanuni zake, zimeandikwa katika kitabu cha mwongozo cha mwanafunzi, na mzazi ana haki ya kumwomba mtoto wazisome pamoja. Sapu nayo ina gharama: nauli, chumba na chakula wakati wenzake wako likizo. Ni afadhali fedha hiyo ipangwe mapema kuliko kutafutwa kwa mkopo wa ghafla wa mtaani.

Kwa wanaosomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, jambo ni zito zaidi. Bodi inaendelea kumlipia mwanafunzi anayefaulu na kusonga mwaka unaofuata. Anayebaki mwaka ule ule anaweza kujikuta hana bumu, na familia ndiyo itakayobeba ada na chakula. Mtoto anayajua haya na yanamnyima usingizi. Hana haja ya kukumbushwa kila simu.

Mzigo unapozidi

Zipo dalili za kutopuuza: mtoto hapokei simu siku nyingi, analala mchana kutwa, hali, amejitenga na wenzake, au anasema maneno kama “bora nisingekuwepo.” Hapo suala la alama linawekwa kando kwanza. Mzazi amfuate, au amtume ndugu aliye karibu siku hiyo hiyo. Vyuo vina ofisi ya mlezi wa wanafunzi na washauri, na mzazi anaweza kuwatafuta. Kama ni ugonjwa, kuna utaratibu wa kuahirisha masomo kwa maandishi, lakini unahitaji kuombwa kwa wakati.

Wengine, baada ya kubadili njia, kuuliza na kuchora kila siku, wataona bado moyo wao hauko huko. Pengine famasia ilikuwa ndoto ya baba. Kuhamia programu nyingine kunawezekana katika vyuo vingi, ila mlango huo huwa wazi kwa muda mfupi, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Mtoto aliyesema mapema, akakaa na mshauri wake wa masomo na wazazi wake, anaweza kuhama akiwa bado na mwaka wake, mkopo wake na heshima yake. Anayeogopa kusema atajificha nyuma ya “nitajitahidi,” na nyumbani wataijua habari barua ya kuachishwa ikishatoka.