Mgonjwa wa kansa sio yai (Sehemu ya 4)

Juzi tuliongelea upasuaji wa titi, leo niwachokoze kidogo.

Mama akishagundulika ana kansa ya titi, nyumba nzima inahamia kwenye kumlinda. Hafui, hapiki, hata kumbeba mwanae anakatazwa. Wifi "pumzika", mama mkwe "pumzika". Miezi sita baadaye hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono. Jamani, sio kansa peke yake iliyomfikisha hapo! Misuli isiyotumika inapungua, na dawa za kemo nazo zinachangia.

Najua woga unatoka wapi. Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa tezi za kwapani waliambiwa wasinyanyue kitu kizito, mkono utavimba. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Kathryn Schmitz, walitoa matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba tayari. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, kwa mwaka mzima. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao. Tena waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14, wasionyanyua asilimia 29.

Mazoezi ya nguvu hayatibu kansa, asikudanganye mtu. Ila yanapunguza ule uchovu ambao hata ulale vipi hauishi, na yanamrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Kwangu mimi hilo ni kubwa, hasa kwa mama mwenye mtoto anayelilia kubebwa.

Gym sio lazima. Akae kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote. Asukume ukuta. Anyanyue chupa mbili za maji za nusu lita. Siku 2 kwa wiki, kila zoezi mara 8 hadi 15, apumzike, arudie. Ikiwa rahisi, aongeze uzito kidogo kidogo.

Lakini aanze na daktari wake, hasa kama kansa imeingia kwenye mifupa (mfupa unaweza kuvunjika), kama kidonda cha operesheni hakijapona, au damu iko chini. Mkono ukianza kuvimba au kuwa mzito, asimame, aje aonwe. Na akiwa kwenye kemo halafu apate homa, sahau mazoezi: ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kesho tutaongelea chakula, pale mdomo unapojaa vidonda.