Kulinda Baiskeli ya Kukunja

Usinge ni kituo cha Reli ya Kati, baina ya Kaliua na Nguruka, katika Mkoa wa Tabora. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya nchi hizi ilipita juu ya mabega ya wapagazi, kwenda Ujiji au kushuka pwani. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ya mpagazi imerithiwa na baiskeli: yabeba mahindi ya kusaga, madumu ya maji, asali ya msituni, hata mgonjwa aendaye zahanati. Basi aibaye baiskeli haibi chuma tu, bali aikata miguu nyumba nzima.

Baiskeli ya kukunja ina faida na hatari katika jambo moja, nalo ni udogo wake ikishakunjwa. Mwenyewe aweza kuiingiza chumbani. Na mwizi naye aweza kuitia guniani, akapanda nayo gari la moshi kabla mwenyewe hajatoka msikitini. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kutoilaza nje. Ikibidi kuachwa, mnyororo upite ndani ya fremu na gurudumu la nyuma, ufungwe penye nguzo madhubuti. Kufunga gurudumu peke yake hakutoshi, kwani gurudumu hufunguliwa kwa spana likaachwa pale pale. Kiti kichomokacho kwa mkono, mwenyewe akichukue. Tena namba iliyopigwa kwenye fremu iandikwe, ihifadhiwe pamoja na risiti. Pasipo hiyo, polisi wataitambuaje mali yake?

Lakini kufuli iliyo imara kuliko zote imo mkononi mwa mnunuzi. Mwizi hataki baiskeli, ataka fedha. Ajapo mtu usiku akiuza kwa bei ya kutupa, bila risiti, nasi tukafurahia urahisi ule, tumempa sababu ya kuiba tena. Sheria ya Tanzania yamhesabu mkosaji apokeaye mali hali ajua kuwa ni ya wizi. Na katika dini yetu, haramu haiwi halali kwa kulipiwa.

Enyi wazazi, kijana akileta nyumbani baiskeli msiyoijua asili yake, mwulizeni siku ile ile. Msingoje mwenye mali aje kubisha hodi.