Sauti ya Marehemu Si Mali ya Kuokota

Wahenga walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Maana yake ni kuwa aliyekufa hana kauli tena. Atakachovishwa na walio hai ndicho atakachokwenda nacho. Methali hiyo ilitungwa wakati ambapo aliyekufa alinyamaza kweli. Leo tumefika katika zama ambazo marehemu anaweza kuamriwa aimbe, akaimba, na kuamriwa aseme, akasema. Hii si hadithi ya Abunuwasi. Ni jambo lililotendeka nchini Japani mwaka 2019, na linastahili kutafakariwa na kila mtu anayethamini sanaa ya uimbaji.

Marehemu huyo ni Hibari Misora. Alizaliwa mjini Yokohama tarehe 29 Mei, 1937, akiwa binti wa muuza samaki. Mwaka 1949, alipotimiza umri wa miaka 12, alikuwa amekwisha kurekodi santuri na kuonekana katika filamu, ambamo aliigiza mtoto yatima wa vita na kuimba amevaa kofia ndefu na koti la kibwana. Wakati huo Japani ilikuwa na miaka minne tu tangu kushindwa vitani. Miji ilikuwa imeteketea, chakula kilikuwa haba, na mayatima waliokuwa wakilala katika stesheni za reli hawakuwa wa filamu. Taifa lililoinamisha kichwa lilisikia sauti ya mtoto aliyeimba kama mtu mzima, nalo likaiambata sauti hiyo kwa muda wa miaka 40.

Hatuna haja ya kuzitaja nyimbo zake zote, maana alirekodi zaidi ya 1,000. Inatosha kukumbusha kwamba "Ringo Oiwake" ulitoka mwaka 1952. Kwamba "Yawara" ulipata Tuzo ya Santuri ya Japani mwaka 1965. Na kwamba "Kanashii Sake" wa mwaka 1966 ungali ukiimbwa mpaka leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotungwa. Mwaka 1987 alilazwa hospitali akiwa mgonjwa wa ini na wa mifupa ya nyonga. Wengi walidhani ndio mwisho. Lakini tarehe 11 Aprili, 1988, alisimama mbele ya umati katika ukumbi wa Tokyo Dome, akaimba nyimbo zaidi ya 30, kisha akaondoka jukwaani kwa miguu yake mwenyewe. Mwezi Januari 1989 ukatoka wimbo "Kawa no Nagare no Yo ni", unaoufananisha uhai wa binadamu na mkondo wa mto. Alifariki dunia tarehe 24 Juni mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 52. Serikali ya Japani ikamtunukia Nishani ya Heshima ya Taifa, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata.

Miaka 30 baadaye, Shirika la Utangazaji la Japani, NHK, pamoja na wataalamu wa kampuni ya Yamaha, waliilisha kompyuta rekodi za marehemu mpaka ikajifunza namna alivyopandisha sauti, alivyoitetemesha na alivyovuta pumzi. Ukatungwa wimbo mpya, "Arekara", ambao maneno yake yaliandikwa na Yasushi Akimoto, yule yule aliyeandika maneno ya "Kawa no Nagare no Yo ni". Kompyuta ikauimba kwa sauti ya Hibari, na picha yake ikaonekana imesimama jukwaani. Kazi hiyo ilionyeshwa mwezi Septemba 2019, kisha tarehe 31 Desemba ikaingizwa katika Kohaku, tamasha la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya ambalo Wajapani hulitazama familia nzima. Wimbo huo uliuzwa pia kama nyimbo nyingine zozote.

Tungependa tuwe waadilifu. Kazi hiyo haikufanywa kwa siri. Mwanawe wa kulea, ambaye ndiye mrithi wake, aliridhia na kusaidia. Wazee waliompenda tangu ujana wao walilia machozi walipoisikia sauti ile. Hatuwacheki, wala hatuwalaumu. Tena wako watakaotuuliza: je, santuri yenyewe si sauti ya marehemu? Mbona tunaipiga nyumbani na redioni, wala hatuoni ubaya?

Swali hilo ni zuri na linastahili jibu. Santuri ni ushahidi. Inatuambia kwamba siku fulani, mahali fulani, mtu fulani alisimama mbele ya kinasa sauti akaimba maneno haya kwa hiari yake. Aliweza kukataa. Aliweza kusema, "Hapa tubadilishe," au, "Wimbo huu haunifai." Kompyuta haitupi ushahidi wa namna hiyo. Inatupa dhana ya watu wengine kuhusu jinsi ambavyo pengine angeimba, kisha dhana hiyo inavishwa sauti yake ili tuipokee kana kwamba ni yeye. Santuri huhifadhi alichokitenda marehemu; mtambo humtendesha asilolitenda.

Kinachotukera zaidi si wimbo, bali ni maneno ya kuzungumza yaliyotiwa katikati ya wimbo. Hapo sauti ya Hibari inawasemesha wasikilizaji kama mtu aliyerejea kutoka safari ndefu, inawasalimu na kuwatia moyo. Ili kuipata sauti hiyo ya mazungumzo, zilitumiwa pia kanda ambazo marehemu alimrekodia mwanawe alipokuwa mdogo, akimsomea hadithi kwa ajili ya siku ambazo kazi ingemweka mbali na nyumba. Mapenzi ya mama kwa mtoto mmoja yakageuzwa malighafi ya hotuba kwa taifa zima. Mwana ana haki ya kuzitoa kanda zake. Lakini je, mama angekubali? Hakuna awezaye kujibu, na hilo ndilo kiini cha hoja yetu. Mwimbaji Tatsuro Yamashita, mwenye jina kubwa nchini humo, alitamka redioni mapema mwaka 2020 kwamba jambo hilo ni kufuru. Neno hilo ni zito, lakini tunaelewa kwa nini alilichagua.

Zaidi ya hayo, kilichompa Hibari daraja yake hakikuwa sauti peke yake. Watu waliofika Tokyo Dome mwaka 1988 walijua kuwa mwili uliokuwa mbele yao unaumwa, na kwamba kila wimbo ulikuwa na gharama. Mtambo hauugui, hauchoki, wala hauhatarishi kitu. Ukiigiza mtetemo wa sauti ya mgonjwa, unaazima uchungu ambao haujaulipia.

Kwa hiyo tunaona kwamba ziwekwe kanuni, na ziwekwe mapema. Kwanza, msanii aulizwe angali hai, na jibu lake liandikwe. Asiyeridhia kwa maandishi asifufuliwe. Pili, kila mara kazi ya namna hii inapotangazwa au kuuzwa, msikilizaji aambiwe waziwazi kwamba anausikia mtambo. Tatu, marehemu asitiliwe kinywani maneno ya kuzungumza ambayo hakuyasema kamwe. Sheria nyingi za hakimiliki hulinda utunzi na rekodi, lakini sauti yenyewe zimeiacha bila mlango. Jimbo la Tennessee nchini Marekani, lenye waimbaji wengi, lilipitisha mwaka 2024 sheria inayoilinda sauti ya mtu kama linavyolindwa jina lake. Njia basi ipo, na wengine waifuate.

Wala lisisemwe kuwa haya ni ya Wajapani. Siti binti Saad alirekodi santuri zake kule Bombay mwaka 1928, na mtambo uliomsoma Hibari hauchagui lugha. Maiti haulizwi sanda, ni kweli. Na kwa sababu hiyo hasa walio hai wana wajibu wa kumchagulia sanda ya heshima. Hibari Misora alituachia nyimbo zaidi ya 1,000 alizoziimba mwenyewe. Anayemkumbuka na azisikilize hizo.