Mpimeni Usingizi Kabla ya Kisu

Kuna hoja inayozunguka Kyela, kuanzia kwa wauza mchele wa mjini hadi kwa wanaopunga upepo Matema, na kwa kuwa husemwa na watu wenye akili timamu, huaminiwa haraka. Mwenye nayo husema hivi: mimi nakoroma kwa sababu ni mnene. Nakwenda Dar es Salaam kupunguzwa tumbo. Nikishapungua, kukoroma kutaondoka kwenyewe. Sasa daktari anayetaka nipimwe usingizi kwanza anatafuta nini, kama si kunikamua fedha?

Hoja imepangika, ila imeruka usiku mmoja. Mtu hapasuliwi akiwa amekwisha kupungua. Hupasuliwa akiwa na kilo zake zote, na shingo yake yote, na koo lilelile lililokuwa likiziba jana usiku. Kilo zitaondoka kwa miezi; dawa ya usingizi itaingia mwilini leo asubuhi. Anayesema "nitapona nikipungua" anazungumzia mwakani, wakati mtaalamu wa ganzi anauliza habari za leo.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Masaki, sisi wa kando ya Ziwa Nyasa tuhangaike na malaria yetu. Huko ni kujidanganya. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa 2004–05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa 2015–16 ukakuta asilimia 28. Wanawake hao hawaishi Masaki wote. Na tangu Muhimbili Mloganzila ianze kuweka watu puto tumboni, na baadaye kufanya upasuaji wa kupunguza uzito, jambo lililokuwa la kusafiria India limekuwa la kupanda basi jioni, kupita Tukuyu na Mbeya, na kuamkia barabara ya Morogoro. Mfanyabiashara wa kakao aliyeuza vizuri msimu huu anaweza kulifikiria. Wapo wanaolifikiria.

Tatizo lenyewe madaktari huliita apnia ya usingizi. Kwa maneno yetu ni pumzi kukatika usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye shingo nene yenye mafuta ndani, au mwenye umbo la taya linalobana njia ya hewa hata kama ni mwembamba, ulimi hurudi nyuma na koo hujifunga. Kifua kinaendelea kuvuta, hewa haiingii. Oksijeni ya damu inashuka mpaka ubongo unashtuka, mtu anatoa mkoromo mkubwa, anavuta hewa, analala tena, na koo linajifunga tena. Kila mkatiko huhesabiwa ukifika sekunde 10 au zaidi. Ikiwa mitano kwa saa, tayari ni tatizo. Kuanzia 15 ni la wastani. Ikivuka 30 ni kali, maana yake koo linafungwa walau kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Asubuhi mwenyewe hakumbuki chochote. Atakuambia alilala usingizi wa pono.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa ubishi wote. Tumekubaliana, bila mtu kutuuliza, kwamba anayekoroma amelala vizuri. Baba akinguruma chumbani watoto wanaambiwa wapunguze sauti, mzee amepumzika. Ndani ya basi la usiku, au kwenye sitaha ya meli iendayo Mbamba Bay, anayekoroma anachekwa kidogo na kuonewa wivu kidogo: huyu hana madeni. Mchana akisinzia dukani juu ya daftari la mauzo, tunalaumu joto la Kyela, na kama si joto basi sahani ya wali kwa mbasa aliyotoka kuimaliza. Joto lipo na wali upo. Lakini jirani yake ameketi kwenye joto hilohilo, amekula wali huohuo, na yuko macho.

Dalili nyingine nazo tumezigawia majina yasiyo yao. Mzee anaamka mara nne kwenda chooni, tunasema tezi dume, na pengine ni tezi dume kweli. Lakini pumzi inapokatika moyo hutanuka na kutoa homoni inayoongeza mkojo, kwa hiyo hata mwenye tezi nzima anaweza kutembea usiku kucha. Mama anaamka na kichwa kizito kila asubuhi, anameza panadoli. Presha haishuki ingawa anatumia dawa tatu, anaambiwa apunguze mawazo. Na yule anayekurupuka akihema kama mtu aliyekabwa shingo, huyo tunajua pa kumpeleka: anakabwa na jinamizi, au kuna mtu ana neno naye pale kijijini. Jinamizi lenyewe halifanani na hili. Anayebanwa na jinamizi yuko macho, anaona chumba, ila mwili umegoma kusogea, na asubuhi anasimulia yote. Mwenye pumzi kukatika mara nyingi hana la kusimulia. Mwenye simulizi ni aliyelala pembeni yake.

Sasa mchukue mtu huyo umlaze chali kwenye meza ya upasuaji. Tumbo lake zito linasukuma kiwambo cha chini ya mapafu kuelekea juu, nafasi ya hewa inapungua. Anapewa dawa zinazolegeza misuli ambayo hata bila dawa ililegea kupita kiasi. Mtaalamu ana muda mfupi wa kupitisha mrija kooni, kwa sababu oksijeni ya mtu mnene hushuka upesi kuliko ya mwembamba, na koo hilo ndilo gumu kupitishia mrija. Akiwa amejulishwa, atamwinua kichwa na mabega, ataandaa vifaa vya ziada na mtu wa pili wa kumsaidia, atachagua dawa kwa uangalifu na hatauondoa mrija mpaka mgonjwa awe ameamka sawasawa. Asipojulishwa, atayagundua haya mgonjwa akiwa tayari amelazwa. Na wa puto asidhani amepona: puto nalo mara nyingi huwekwa mtu akiwa amepewa dawa ya kumsinzisha, na dawa hiyo haimuulizi kama kuna kisu.

Lakini chumba cha upasuaji walau kina watu wanaoangalia. Mimi naogopa zaidi wodi ya usiku ule. Mgonjwa ana maumivu, anapewa mofini au pethidini, dawa zinazotuliza maumivu na wakati huohuo zinaufanya ubongo uchelewe kushtuka pumzi inapokatika. Ule mshtuko uliokuwa ukimwokoa nyumbani kila baada ya dakika mbili sasa umefifishwa. Pembeni ameketi ndugu aliyesafiri naye kutoka Kyela, amechoka, ana wasiwasi. Mgonjwa anaanza kukoroma. Ndugu anashukuru Mungu. Anamwambia mwenzake ashushe sauti ya simu, mwacheni, leo ndiyo amelala. Kama muuguzi hakuambiwa chochote, hakuna kifaa cha oksijeni kidoleni wala anayehesabu pumzi, na imani yetu ya kijijini kuhusu kukoroma imeingia wodini na kukaa kitini kama mlinzi.

Wanaosema hospitali zinapenda kulundika vipimo nawapa haki yao: ziko zinazolundika. Na haidaiwi kila mnene akalale usiku mzima kwenye maabara akiwa na nyaya kichwani. Kipimo cha kwanza ni maswali manane, yaliyotungwa Toronto na Frances Chung na wenzake na kuchapishwa 2008. Unakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango uliofungwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona umeacha kupumua usingizini? Una presha? Halafu uzito ukilinganishwa na urefu, umri kuvuka miaka 50, mzunguko wa shingo kuvuka sentimita 40, na kama ni mwanamume. Majibu ya ndiyo yakifika matatu kuna shaka, yakifika matano shaka ni kubwa. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Hospitali ya Wilaya pale Kyela inaweza kufanya hivyo, Hospitali ya Kilutheri ya Matema inaweza kufanya hivyo, bila kusubiri mfadhili. Mwenye shaka kubwa ndiye anayetafutiwa kipimo kamili, na hata hicho siku hizi kinaweza kufanyika mtu akiwa kitandani kwake, kwa kifaa cha kidoleni, kimrija cha puani na mkanda wa kifuani.

Wala si kweli kwamba anayeshukiwa lazima arudishwe nyumbani. Mwongozo wa wataalamu wa ganzi na usingizi wa Marekani wa 2016 ulisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuahirisha upasuaji wa kila anayeshukiwa, isipokuwa ana maradhi mengine yasiyodhibitiwa au upungufu wa kupumua. Anaweza kuhudumiwa kana kwamba anao ugonjwa huo: dawa zikachaguliwa, kitanda kikainuliwa, kifaa cha oksijeni kikabaki kidoleni usiku. Lakini hayo hufanyika kwa anayeshukiwa. Aliyeficha hashukiwi.

Na wanaoficha wapo, wengi wao wanawake. Mwanamume akikoroma tunamsifu, mwanamke akikoroma tunamsuta. Binti wa watu atakubali kuambiwa ni mnene kuliko kuambiwa ananguruma. Sasa wanaotafuta huduma hizi za kupungua, karibu kila mahali duniani, wengi ni wanawake; anakaa mbele ya daktari asiyemjua, pengine shemeji yake yupo chumbani, anaulizwa "unakoroma?", anajibu "hapana" kwa sauti ya chini na dodoso linafungwa. Daktari naye asiridhike upesi. Kwa wanawake ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza kwa uchovu usioisha, usingizi wa mang'amung'amu na kichwa kuuma, kuliko kwa ngurumo ya kuamsha nyumba.

Turudi kwa yule wa "nikipungua itaisha". Kupungua kunasaidia sana, sitalipinga hilo. Uchambuzi mmoja wa 2009, uliokusanya tafiti 12 za watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ulikuta wastani wa mikatiko ukishuka kutoka karibu 55 kwa saa hadi karibu 16. Kazi kubwa imefanyika. Lakini 16 bado ni ugonjwa wa wastani, si uzima. Asiyepimwa kabla hana namba ya kulinganisha. Atajiona mwepesi, suruali itampwaya, atajitangaza amepona, huku koo likiendelea kufungwa usiku na presha ikiendelea na kazi yake. Ikiwa ni dereva wa lori la kwenda Kasumulu, atateremka kona za Tukuyu akisinzia, na mwenye tatizo hili lisilotibiwa ana hatari ya ajali zaidi ya mara mbili ya mwingine.

Tiba ipo tangu Colin Sullivan wa Sydney na wenzake walipoieleza 1981: mashine ndogo inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, ili msukumo huo uzuie koo kujifunga. Huitwa CPAP. Ni ghali, inataka umeme wa uhakika, na Kyela tunajua umeme ulivyo mvua za masika zinapoanza. Hiyo ni sababu ya kudai bima iilipie na betri iambatane nayo. Haiwezi kuwa sababu ya kutojua kama unaihitaji.

Ajabu ni kwamba watu wa pwani hii ya kaskazini ya ziwa walikuwa na mashahidi wa usingizi zamani. Monica Wilson, aliyeandika juu ya Wanyakyusa katika kitabu Good Company cha 1951, alieleza vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja wakijijengea vibanda na kulala pamoja mbali na wazazi. Katika kibanda kile hakuna aliyeweza kuacha kupumua bila mwenzake kujua. Leo mtu ana chumba chake na neti yake, na mwenzake, akichoshwa na makelele, amehamia kwa watoto. Shahidi tumemfukuza wenyewe.

Kwa hiyo mwenye safari ya Mloganzila, usiende peke yako. Nenda na anayelala nawe, naye aingie chumba cha daktari, na ajibu yeye lile swali la tatu. Kama nauli ya watu wawili haipo, akurekodi kwa simu usiku, umelala chali, robo saa itoshe, na siku hiyo pombe isiguswe wala isisingiziwe. Kisha mwombe daktari wa Kyela aandike kwenye barua ya rufaa mzunguko wa shingo yako, presha yako na neno moja: anakoroma.